Chumvi Iliyobaki Kwenye Mchanga

Jambo lote lilinigharimu mfuko mmoja wa chumvi wa kilo ishirini na tano, mizigo saba ya kuni, yai moja, siku nne za kukaa jikoni kwa mtu nisiyemjua, na mke. Kuni nilizihesabu mara mbili, ni saba. Yai halina ubishi. Mke ndiye sijui nimweke wapi: kwenye hasara, au kwenye vitu ambavyo bado viko njiani.

Mimi ni mtu wa Kasongo, wa zile nyumba za zamani karibu na msikiti, ambako mtoto anajua kupatana bei kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Biashara yangu iko Salamabila. Nina chumba kimoja kando ya barabara, mbele nauza, nyuma nalala. Nauza chumvi, sukari, sabuni, samaki wakavu na mawe ya tochi, yaani betri. Wanunuzi wangu ni wachimbaji wa dhahabu, watu wanaopima vumbi lake kwa kijiti cha kiberiti, kwa hiyo hawamshangai mtu anayehesabu kitu mara mbili. Kwao mimi nilikuwa mtu wa kawaida kabisa. Nyumbani ndiko nilikokuwa na matata.

Mke wangu ni mtoto wa upande wa Lusangi. Alikaa na mimi Salamabila miaka kumi na minne, akalala nyuma ya magunia bila kulalamika. Mwaka jana dada yake alifiwa na mtoto. Mke wangu alichukua dukani mchele, mafuta na chumvi, akapanda pikipiki, akaenda matangani. Mimi nilifika kesho yake. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka uani, vilio vimeisha, kimya kimetulia. Nikamwinamia mke wangu, nikadhani ninanong'ona, nikamwuliza: "Chumvi ulichukua vikopo viwili ao vitatu?"

Naapa sikuwa na nia mbaya. Daftari lilikuwa na pengo, na pengo linaniwasha kama funza mguuni. Lakini kimya cha matanga hakina ukuta. Aliyekuwa mbele alisikia, aliyekuwa nyuma akaambiwa. Matanga yalipoisha nilimwambia mke wangu tuende, akasema, "Enda tu." Nikaenda.

Miezi kumi ikapita. Sitaki kuisimulia sana. Nina vikombe viwili, na kila asubuhi nilikuwa ninaviosha vyote viwili ingawa kimoja hakikuguswa. Sukari niliyokuwa ninaimaliza kwa wiki mbili ilinitosha mwezi na siku tisa. Kwa hesabu hiyo nilipata faida. Nilipojua kwamba nimepata faida nilifunga duka mapema, nikakaa kitandani na viatu miguuni. Salamabila watu ni wengi mno: wa Bukavu, wa Kindu, wa Kalemie, wengine hata lugha yao hujui. Wanaingia kila siku na mji haujai, na hakuna anayeuliza jirani yake amekula na nani.

Mwishowe nilikwenda kwa mama mkwe kuomba radhi. Ni mama mfupi, sauti yake haipandi. Nikamwambia nitaleta mbuzi.

"Mukwe, mbuzi hatutaki," akasema. "Leta chumvi. Mufuko muzima, wenye haujafunguliwa. Nitaufungua mimi. Kila nyumba iliyosikia lile neno lako itapata kikopo kimoja. Chumvi ikifika nyumba ya mwisho, maneno yameisha. Isipofika, ile nyumba iko na haki ya kuyasema mpaka itakapochoka."

"Nyumba ngapi, mama?"

"Unaona?" akasema.

Hata hivyo alinitajia. Ni ishirini. Akanipa na siku: Jumapili fulani, baada ya misa, wanawake wote wakiwa nyumbani.

Mtu mwingine angenunua mfuko Salamabila, au Lusangi penyewe. Mimi nilijua bei ya Kasongo. Nikashuka mpaka Kasongo, nikazunguka soko lote, nikapata mfuko kwa bei ambayo hata muuzaji aliisikitikia. Nilipojumlisha nauli ya kwenda na ya kurudi niliona kwamba ile tofauti ya bei imekufa na kuzikwa. Nikajipa moyo kwamba angalau nimepatana vizuri.

Jumanne tukaondoka kwenda kwa mama mkwe, mimi, dereva wa pikipiki, na mfuko umefungwa nyuma kwa mipira. Kabla ya Lusangi kuna kijito chenye daraja la magogo. Pale pana vijana ambao kazi yao ni kuvusha mizigo: abiria anatembea, dereva anasukuma pikipiki tupu, vijana wanabeba mzigo kichwani, unawapa pesa kidogo. Walinitajia faranga mia tano. Nikawaambia mia mbili. Wakasema mia tano. Nikasema mia mbili na hamsini, na hilo ni neno la mwisho. Wakakaa chini kwenye majani, wakaanza kuzungumza mambo yao kana kwamba mimi si mtu. Nikamwambia dereva apite na mzigo wake.

"Baba, magogo yameloa," dereva akasema.

"Pita polepole."

Alipita polepole, akaanguka polepole. Yeye alibaki juu ya magogo amekumbatia usukani. Mfuko ulikatika mipira, ukashuka, ukapasukia ukingoni, nusu kwenye mchanga, nusu majini. Nilikimbia. Nilipofika, mahali palipoonyesha weupe ndani ya maji palikuwa tayari pamerudi rangi ya maji. Sikuwahi kuona mali ikiondoka kwa utaratibu namna ile, bila sauti, bila mwizi. Nikazoa iliyobaki pamoja na mchanga wake, nikaitia kwenye bashi, turubai la plastiki, nikifukuzana na maji kwa viganja.

Kijana mmoja akaniita kutoka kwenye majani: "Mzee! Kubeba muchanga ni faranga elfu moja!"

Nilikadiria kwamba kijito kimechukua kilo tano. Kilo ishirini zilikuwa ndani ya bashi, zimechanganyika na mchanga mwembamba mweupe, ule mchanga wa vijito vya kwetu ambao ukilowa hauna tofauti na chumvi iliyolowa. Dereva alinipeleka mpaka nyumba ya kwanza ya kijiji kilichofuata, akadai nauli kamili. Nikamwambia mzigo haujafika. "Wewe umefika," akasema. Nikamlipa.

Nyumba ile ilikuwa ya mama mmoja wa makamo, anakaa peke yake na mbuzi watano. Nilimwomba jiko la uani, sufuria kubwa na kuni. Akanitajia bei ya kila kimoja, nikamtajia yangu, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilikutana na mtu wa kiasi changu. Tulimalizana mchana. Yeye ndiye aliyeshinda.

Sasa, mpango wangu. Chumvi inayeyuka, mchanga hauyeyuki, hilo hata mtoto anajua. Utatia maji, chumvi itaingia majini, mchanga utabaki chini, utachuja kwa kitambaa, utachemsha maji mpaka yaishe, chumvi yako itarudi sufuriani. Kazi iliyobaki ilikuwa ya mfanyabiashara: maji kiasi gani? Kila lita ya maji ninayotia ni lita nitakayolipia kuni kuikausha. Kwa hiyo maji yawe machache. Na yawe ya moto, kwa sababu moto unayafungua maji. Hilo nilikuwa na ushahidi wake wa miaka hamsini. Mimi ni mtu wa chai. Kwetu chai ya rangi inanywewa tamu mpaka midomo inashikana, na kila mtu anajua kwamba kikombe cha moto kinapokea sukari hata uchoke kukoroga, ilhali maji baridi yanaiacha chini imekaa kama mgeni aliyekosa kiti.

Nikachemsha dumu moja, lita ishirini. Nikamwaga juu ya mali yangu ndani ya pipa la mama yule, nikakoroga kwa mti mpaka mabega yakaniuma. Nikaonja: kali, ulimi ulirudi nyuma. Isingeweza kuwa kali zaidi. Nikaona maji yamechukua chumvi yote na kilichobaki chini ni mchanga. Nilichuja, nikaweka maji motoni, na ule mchanga nikaumwaga nyuma ya nyumba.

Mwenye jiko alikuja jioni, akachungulia sufuria.

"Mutu wa Kasongo, unapika nini?"

"Chumvi, mama."

"Kumbe kwenu chumvi inanunuliwa mbichi?"

Nilikuwa ninahesabu kuni.

Asubuhi sufuria ilikuwa na chumvi, safi, nyeupe kuelekea kijivu. Nikaipima kwa kikopo, kile kikopo chetu kinachokaribia kilo moja. Saba. Nikapima tena. Sita na robo tatu. Nilikaa chini. Kilo ishirini ziliingia, saba zimetoka, na hakuna aliyeingia uani isipokuwa mimi. Kitu cha kwanza nilichofikiria, Mungu anisamehe, ni kwamba mama yule ameniibia.

Wakati ule ule akaniita kutoka nyuma ya nyumba. "Wee baba! Kuja uone! Mbuzi zangu ziko zinakula nini hapa?"

Nikaenda. Mbuzi wote watano walikuwa wamepiga magoti ya mbele kwenye lile rundo langu, wanaramba kwa bidii, hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa kutusalimu.

"Wanakula mchanga," nikasema.

"Mbuzi haina wazimu," akasema mama. Aliinama, akachukua punje kidogo, akaweka ulimini, kisha akanitazama kwa huruma ambayo ilinichoma kuliko dharau. "Baba. Hii ni chumvi. Umemwaga chumvi. Maji ulitia ngapi?"

"Dumu moja. Lakini ya moto."

"Ya moto!" Alicheka mpaka akashika ukuta. "Ya moto, anasema! Ulizani unapika chai?"

Tuliwafukuza mbuzi, ambao waliondoka wakiangalia nyuma kama wakwe walionyimwa nyama. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha alfajiri, na rundo lilikuwa limezama katikati. Hata mvua ilikuwa imechukua sehemu yake. Tulizoa tulichoweza. Kisha mama, kwa sababu sikutaka kuamini, aliniletea vikombe viwili vilivyo sawa, kijiko na maji, na chumvi yangu mwenyewe. "Hesabu," akasema, "si unapenda?"

Nikahesabu. Kikombe cha maji baridi kilipokea vijiko kumi na viwili vya chumvi, nikikoroga kila kimoja mpaka kipotee. Cha kumi na tatu kilikaa chini kikanitazama. Nikakoroga kwa muda wa kuvuta sigara mbili, hakikuondoka. Kikombe cha maji yanayotoka motoni nilikitegemea sana. Kilipokea kumi na tatu. Cha kumi na nne kikakaa chini. Nilirudia. Ikawa hivyo hivyo. Moto wote ule, kuni zote zile, na maji yameongeza kijiko kimoja.

"Sukari na chumvi si ndugu," mama akasema. "Sukari unaibembeleza na moto, inakubali. Chumvi haibembelezwi. Maji ikishiba, imeshiba."

Nimefanya biashara miaka thelathini na moja. Nimepatana bei na askari, na padri, na mtu aliyekuwa amenishikia panga. Kila mara kuna mahali mtu analegea: unangoja, unageuka kama unaondoka, anakuita. Maji yale sikuyaona mahali pa kulegea. Dumu langu lilichukua kilo saba kwa sababu lita ishirini zinachukua kilo saba, na kama ningelikoroga mpaka Idi lingechukua kilo saba. Kilo kumi na tatu nilizimwaga kwa mkono wangu kwa sababu ya kuogopa gharama ya madumu mawili zaidi.

Kuanzia hapo kazi ikawa ya mama. Alikuwa anajua chumvi ya majani. Zamani, na tena wakati wa vita ambapo mifuko haikufika, wanawake wa kule walikuwa wanachoma majani fulani ya mtoni, wanatia majivu kwenye kikapu kilichotandikwa majani ya migomba, wanamwagia maji kidogo kidogo, na maji yanayodondoka chini ndiyo yanapikwa. Alinitolea kikapu hicho hicho. Tukajaza mchanga wangu ndani yake, akamwaga maji baridi kwa bakuli. Nikataka kutumia tena yale yaliyodondoka ya kwanza ili kuokoa kuni. Alinipiga mkononi.

"Hayo yameshakula! Mutu ameshiba unamupeleka tena kwenye sahani? Tia maji mapya."

Kila baada ya bakuli kadhaa alitaka kujua kama maji yanayodondoka bado yana thamani ya kuni. Kwa hilo aliniuzia yai moja la kuku wake, kwa bei ya mayai mawili, akalitumbukiza bichi. Maji yakiwa na chumvi nyingi yai linaelea, mgongo wake unaonekana. Maji ya kwanza yalilibeba kama kifaranga. Ya kesho yake lilielea nusu. Jioni ya tatu lilizama, likalala chini.

"Basi," akasema. "Imebaki lakini haifai kufuata."

"Kidogo bado iko, mama. Naisikia ulimini."

"Iko. Kuni yake itakuwa bei kuliko yenyewe. Acha."

Kuacha kitu ninachojua kipo! Nilizunguka kile kikapu mara tatu. Mwishowe niliacha, na lile yai tukalichemsha ndani ya maji ya chumvi, tukaligawa kwa kisu. Sikuwa nimegawana chakula na mtu miezi kumi. Nilitafuna polepole ili nusu yangu isiishe kabla ya yake.

Siku zile zilikuwa ndefu na hazikuwa na maneno mengi. Mvua inanyesha, kikapu kinadondosha, sufuria inatoa mvuke, yeye anapembua mpunga upande wake na mimi ninachochea moto upande wangu. Jioni ile ya yai, bila kuniangalia, aliniuliza: "Kule Salamabila hujaona mwanaume mumoja, sikio la kushoto limekatika juu kidogo?"

"Sijaona, mama. Ni nani?"

"Bwana wangu. Alisema anaenda kuchimba miezi mitatu."

"Aliondoka lini?"

"Hii mvua ni ya tisa."

Nilitaka kumwambia kwamba Salamabila mtu anaweza kukaa nyumba ya tatu kutoka kwako miaka tisa usimwone. Nikaona haisaidii. Nikamwambia nitaangalia. Naangalia masikio ya watu mpaka leo.

Jumamosi chumvi yote, ya kwanza na ya kikapu, ilikuwa imekauka. Nikaipima. Vikopo kumi na moja na nusu. Nikapima tena, kumi na moja na nusu, na kwa mara ya kwanza katika safari hii hesabu mbili zilikubaliana. Mama aliniazima gunia la zamani. Nilimlipa kila kitu, akanirudishia faranga mia moja. "Ya njia," akasema. Sijawahi kurudishiwa pesa ambayo sikuidai.

Jumapili nilipita Lusangi. Maduka mawili yalikuwa wazi. Katika yote mawili mifuko ya chumvi ilikuwa imepangwa mlangoni, mizima, mishono yake haijaguswa. Niliuliza bei. Ilikuwa karibu mara mbili ya Kasongo. Nikasema moyoni kwamba mfanyabiashara hanunui kitu alichonacho, na kwamba jasho langu la siku nne litaonekana kuwa zito kuliko mfuko wowote wa dukani. Hilo la pili nililiamini kweli, si uongo wa kujifariji.

Nyumbani kwa mama mkwe wanawake walikuwa wamekaa uani, kwenye mikeka, kama ile siku nyingine. Mke wangu alikuwa mlangoni, amevaa kitenge ambacho sikukijua. Nikatua gunia. Mama mkwe akaliangalia, akaingiza kidole, akaonja.

"Hii imepita motoni," akasema.

Nikasimulia. Nilisimulia vizuri, kwa sababu kusimulia ni nusu ya biashara. Daraja, vijana wa kwenye majani, dumu langu la maji ya moto. Nilipofika kwa mbuzi waliopiga magoti, uwanja mzima ulicheka. Shangazi mmoja alijifuta macho na pembe ya kitenge, akasema, "Huyu bwana wenu ni kichwa kweli!" Na mke wangu alicheka. Nilimwona. Aliweka mkono mdomoni, kama anavyofanya, na mabega yake yakacheka peke yake. Miezi kumi nilikuwa nimesahau yale mabega. Niliona mambo yamekwisha, nikaanza hata kufikiria pikipiki ya watu wawili itatoka faranga ngapi mpaka Salamabila.

Mama mkwe alikuwa anakunja mikono ya blauzi yake ili aanze kugawa. Akauliza tu, kama mtu anayeuliza habari za mvua: "Basi ni vikopo ngapi, mukwe?"

"Kumi na moja na nusu," nikasema. "Nimepima mara mbili."

Ilitoka kabla sijaijua. Hata leo nikiamshwa usingizini nitajibu hivyo hivyo. Kicheko kiliisha uani kama maji yanavyoingia mchangani. Mama mkwe hakukasirika. Aliendelea kukunja mkono wa blauzi.

Mke wangu ndiye aliyesema, kutoka mlangoni. "Ulipita Lusangi?"

"Nilipita."

"Maduka yalikuwa yamefungwa?"

"Hapana. Yalikuwa wazi."

"Chumvi iliko?"

"Ilikuwako."

"Bei gani?"

Nikamtajia bei. Nikamtajia na ya Kasongo ili alinganishe.

Alitikisa kichwa polepole, si kwa hasira, kama mtu aliyekuwa anatafuta kitu gizani na mkono wake umekigusa. "Ungenunua tu mwingine," akasema, akaingia ndani.

Mama mkwe aligawa. Nyumba kumi na moja zilipata, kila mama akapokea kikopo chake, akasema asante, akaondoka, na maneno ya nyumba yake yakawa yameisha. Nyumba tisa zilibaki zimekaa. Ile nusu iliyobaki aliifunga kwenye jani, akanipa mkononi. "Nusu haina nyumba," akasema. Niliondoka nayo. Nyuma yangu zile nyumba tisa zilikuwa zimeshaanza kuzungumza, kwa sauti ya chini, jambo ambalo ni haki yao.

Hiyo ni miezi miwili sasa. Chumvi ile ya nusu nimeila, ina uchungu kidogo wa moshi na ni tamu kuliko ninayouza. Nimefikiri sana, maana jioni za kufikiri ninazo nyingi. Nilidhani nikikoroga sana kila kitu kitaingia: maelezo, vichekesho, jasho. Lakini mke wangu alikuwa amepokea miaka kumi na minne ya kuhesabiwa. Kijiko kile cha matangani hakikuwa kikubwa kuliko vingine. Kilikuta tu hakuna nafasi tena.

Wiki iliyopita nilipata ujumbe mara mbili, kwa kupishana siku mbili. Wa kwanza ulitoka kwa mama mkwe, kwa mdomo wa dereva wa pikipiki: nyumba tisa bado zinangoja, nilete mfuko muzima, na nisimwambie mtu niliununua wapi. Wa pili ni wa mke wangu mwenyewe, kwa simu ya jirani, na mtandao ulikuwa unakatika. Alisema: "Kama unakuja, usilete kitu. Hata sabuni. Kuja mikono mitupu, nikuone." Nikamwuliza, na mama yako je? Simu ilikatika, au aliikata.

Sasa nimekwama. Nikienda na mfuko, nitazifunga midomo nyumba tisa, lakini yule aliye ndani ataona nimekuja kulipa tena. Nikienda mikono mitupu kama alivyotaka, mama yake na uwanja mzima watasema Mukasongo ameona chumvi ni ghali, na yeye ndiye atakayekaa na maneno hayo kila siku, si mimi. Nimeweka hesabu ya upande huu na ya upande ule, nimerudia, na kila mara zinatoka sawa. Ninyi mliooa mbali na kwenu, na ninyi mama mliowahi kurudi kwa wazazi mkiwa na kisa kama chake, naomba shauri: nimsikilize nani kati ya hao wawili, na kama ni mke, nitasema nini nikifika uani na mikono yangu haina kitu? Niambieni kabla mpunga haujaiva, maana wanawake wakishaingia kuvuna sitamkuta mtu nyumbani.